Nyumba Iliyowanyamazia Ngolovi

4 Machi

Kokwa zimetoka jasho. Mama Mdogo aliniamsha kwa kunigusa unyayo, akaniongoza mpaka ukuta wa nyuma ya cherehani yake, kwenye ule ufa ambao hajawahi kukubali uzibwe. Mayai ya ngolovi yamelala humo kama kokwa za zambarau, meusi na magumu, na mtu asiyejua angeyafagia. Leo kila moja lilikuwa na tone lake la umande. Mvua iko njiani.

"Hizi ndizo za mwisho," akasema. "Nyufa nyingine zote tupu. Ndiyo maana nikakuita, mwanangu. Wewe umesomea viumbe."

Sikumwambia kwamba katika kitabu kizima nilichosomea, ngolovi ana aya moja tu, na aya yenyewe inaanza na neno "inasemekana".

Niandike ninachojua, ili baadaye nione nilikosea wapi. Ngolovi si mdudu, si ndege, si panya, ingawa ana kitu cha kila mmoja wao. Hupita hatua nne: kokwa, mlafi, bubu, mrukaji. Mrukaji ana manyoya mwilini na mabawa mapana kama kiganja. Hali kitu, hunywa mvuke tu, na akiwa dume huimba. Huishi siku chache. Enzi za Bibi, paa la nyumba hii liliimba msimu mzima, na watu waliacha njia zao ili wapite hapa. Baadaye wakaanza kupungua. Mwaka jana alitoka mmoja tu, jike, akazunguka chumba hiki peke yake, akafa bila kutaga. Kokwa hulala ukutani miaka, lakini si milele. Mwaka huu wasipotoka dume na jike kwa wakati mmoja, basi, tumemaliza. Hatujui nyumba nyingine waliko.

5 Machi

Mvua bado. Baba Mdogo amezungumza tangu chai ya asubuhi mpaka ya jioni. Mada: misumari.

8 Machi

Imenyesha. Harufu ya udongo imeingia hadi kwenye mashuka.

10 Machi

Wametoka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ufa, kokwa ya kwanza ikapasuka kwa mlio mdogo kama ukucha unaokatwa, na mlafi akatoa kichwa. Miguu sita, ngozi laini isiyo na rangi, mdomo mkubwa kuliko uso. Hakutazama huku wala huku. Alianza kula ganda lake mwenyewe.

"Huyo wa kwetu," Baba Mdogo akasema nyuma yangu. "Amezaliwa, hajasalimia, anauliza chakula kiko wapi."

Mama Mdogo hushona nguo, na walafi hula vipande vinavyobaki chini ya mkasi. Hicho ndicho chakula chao tangu enzi za Bibi. Amewatandikia kikapu cha mabaki: pamba, kitani, ukingo wa pazia la mtu. Tumewahamisha mmoja mmoja kwa kijiko cha mbao.

17 Machi

Wamejivua ngozi mara ya kwanza, na sasa wana rangi. Mlafi huwa anachokula. Aliyekula sare ya shule ni buluu. Aliyekula pazia ana maua ubavuni, yaliyofifia, lakini maua. Nimekaa nikiwachora mpaka shingo ikakauka.

Baba Mdogo ni fundi bati. Hutengeneza makarai, faneli na mifereji ya kukingia maji, na karakana yake iko upande wa pili wa ukuta huu. Majirani wanamwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata swichi yake. Anagonga na kuzungumza, anazungumza na kugonga. Mimi ananiita Profesa. Leo ameniuliza kama ngolovi wana mashemeji. Nilijifanya sijasikia. Sipendi kelele, tangu utotoni huwa nafikiri ndani, na mtu akipaza sauti karibu yangu, mawazo hutawanyika kama kuku.

26 Machi

Mmoja ametoroka kikapuni, mwenye milia miekundu na ya kijani. Kabla ya kutoroka alitafuna mkono wa blauzi ya mteja. Mteja alipokuja, Mama Mdogo akamwambia ndio mtindo wa sasa, mkono mmoja mfupi. Mteja akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto na kulia, akaomba na wa pili ukatwe.

Tumemtafuta mtoro nyumba nzima. Hayupo. Mama Mdogo hakula chakula cha jioni.

3 Aprili

Wameacha kula. Tangu asubuhi wanapanda ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, wanapenya kwenye tundu la dari, wanajining'iniza kwenye boriti chini ya paa na kujisokotea mfuko kwa nyuzi za vitambaa walivyokula. Mifuko imening'inia kama soksi za watoto wa familia yenye watoto wengi mno. Hii ndiyo hatua yao ya ububu: sasa ni mabubu.

Nilipanda ngazi kuangalia. Juu ya boriti, kati yao na bati, Mama Mdogo amegongelea matabaka ya pamba ya magodoro, safi, imepigiliwa kwa ustadi, kila kona imeshonwa. Mvua inanyesha nje na humo ndani husikii hata tone. "Ili wasishtuke," akasema. "Bubu akishtuka hufa."

Kwa hiyo sheria za kimya zinaanza leo. Cherehani imevalishwa vitambaa miguuni. Hakuna kutwanga. Viatu mlangoni, tunatembea kwa soksi. Anayetaka kupiga chafya atafute mto. Baba Mdogo amefungasha nyundo na benchi lake, anahamia kwenye kibanda cha sokoni mpaka wote watoke.

"Nafukuzwa kwangu," alisema huku akifunga benchi kwenye mkokoteni, "na viumbe ambao hata salamu hawajui."

"Shh," akasema Mama Mdogo.

4 Aprili

Kimya. Nimelala kama mtu aliyetua mzigo.

6 Aprili

Jirani amekuja na sura ya huzuni, akasimama mlangoni, akatushika mikono. Ameona nyumba imenyamaza siku ya tatu, akajua tumefiwa. Mama Mdogo alijaribu kumweleza kwa kunong'ona, na kule kunong'ona kukamthibitishia. Akatuachia unga.

9 Aprili

Naandika haya kwa aibu kidogo: nina furaha. Hii ndiyo nyumba ambayo ningeijenga mimi. Nasikia kalamu yangu.

12 Aprili

Baba Mdogo anakonda. Akirudi sokoni jioni anakula akiwa ametazama sahani, kisha anatoka kwenda kuzungumza na ukuta wa uani. Nimemwona kupitia dirishani: mikono inapanda na kushuka, anamweleza ukuta jambo, anasubiri, anacheka. Nilidhani ningechekeshwa. Badala yake nilikaa nikafikiri kwamba mtu huyu amefanya hivi kila msimu kwa ajili ya mke wake, na hajawahi kumdai shukrani.

Baadaye akaniwekea kitu mezani: faneli ndefu, nyembamba, ncha yake imekunjwa vizuri isinikwaruze sikio. Akaonyesha dari kwa kidole, kisha sikio lake. Nipande nikawasikilize.

Nilipanda. Niliweka mdomo wa faneli kwenye mfuko wa buluu, na ndani yake nikasikia moyo. Tup. Tup. Nilishuka nikamkuta bado amesimama chini ya ngazi. Nilimgongea kifuani kwa kidole ule mdundo, ili ausikie na yeye. Akafumba macho.

15 Aprili

Mfuko wa maua umenyauka. Faneli haisikii kitu.

Mama Mdogo amelia kwenye gauni la mteja, uso ndani ya kitambaa, ili sauti isipande juu. Hata kilio amekibana. "Tumefanya nini safari hii?" akanong'ona. "Mlango? Nilifunga mlango kwa nguvu juzi."

"Hapana, Mama Mdogo."

"Kikohozi changu."

"Hapana."

Lakini sikujua.

17 Aprili

Nimeufungua ule mfuko. Niliomba ruhusa kwanza. Nilitarajia kukuta uozo, au mlafi aliyegeuka nusu. Niliyemkuta alikuwa mrukaji mzima. Mabawa yamekunjwa yakakamilika, na ule mchoro wa maua juu yake, miguu imekusanywa kifuani, macho wazi. Hakukosa chochote. Alikuwa tayari, pengine siku nyingi, na hakutoka.

Nimetafuta neno la kisayansi la hali hii, sikulipata. Alikaa kama mtu aliyevaa, akaketi kitandani, akisubiri kuitwa.

Wanane waliobaki, mioyo inapiga. Polepole kuliko juzi.

19 Aprili

Lazima niandike kwa utaratibu.

Mchana tulikuwa tunatia vifungo. Mlango ukafunguka taratibu. Baba Mdogo akaingia kwa ncha za vidole, kofia ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akanong'ona jambo.

"Nini?" akanong'ona Mama Mdogo.

Akarudia. Hatukupata kitu. Mtu huyu hajazoea kunong'ona. Inatoka pumzi tupu.

"Umefukuzwa sokoni?"

Akatikisa kichwa.

"Unaumwa?"

"Mtoro," akapumua. "Katoka."

"Katoka wapi?"

"Katoka, mke wangu. Katoka kabisa."

Akaifunua kofia. Ndani yake kulikuwa na mrukaji mwenye milia miekundu na ya kijani, vipapasio vyake vya kichwani vimegawanyika kama uma. Dume. Akajinyoosha, akatutazama, akaimba. Siwezi kuueleza wimbo ule. Niseme tu kwamba sindano yangu ilianguka na sikuitafuta. Mama Mdogo alikaa chini sakafuni kama alivyo, na vifungo vyote mapajani vikamwagika.

Baba Mdogo akasimulia, bado kwa kunong'ona, jasho likimtoka kwa ile kazi. Mtoro alikuwa amejining'iniza chini ya benchi lake tangu kabla halijapelekwa sokoni. Yeye hajui kuchungulia chini ya benchi, anajua kugonga juu yake. Leo alikuwa anakunja pipa kubwa, amegonga tangu asubuhi, wateja wameziba masikio. Mara mfuko ukamwangukia mguuni.

"Nikasema nimemuua. Nikaanza kumwomba msamaha mbele ya watu. Kumbe anajikung'uta."

"Baba Mdogo," nikasema, na nikasikia kwamba sikunong'ona, "umekuwa ukigonga juu ya benchi hilo kila siku?"

"Tangu mliponifukuza."

Nikageuka. "Mama Mdogo. Mwaka jana, kabla yule jike hajatoka, kulitokea nini?"

"Hakuna. Kimya, kama kawaida." Akafikiri. "Ila tawi lilianguka juu ya paa. Nililia usiku kucha, nikajua limewamaliza wote. Kesho yake ndio aka..."

"Na enzi za Bibi, juu ya boriti kulikuwa na nini?"

"Bati tu. Mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani, mama akitaka chumvi anaonyesha kwa vidole." Akainua macho kwenye dari, polepole sana. "Pamba niliiweka mimi. Mwaka aliofariki. Nilisema waliobaki nitawatunza vizuri kuliko yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia, kwamba katika nyumba hii hakuna aliyekipenda kile kimya kama mimi. Kwamba kama ningekuwa bubu wa ngolovi ningelala humo milele nikijiona nimetunzwa. Nilitafuta namna ya kuanza.

Baba Mdogo akaniwahi. Alizungumza kwa sauti yake halisi, na baada ya siku zote zile ilikuwa kama kabati limeanguka.

"Basi ngazi iko wapi?"

20 Aprili

Tumeamkia kubandua pamba. Mama Mdogo alitaka kuibandua mwenyewe. Misumari aliyoipigilia kwa upendo haikutaka kutoka, tukaing'oa kwa koleo la Baba Mdogo, na pamba ikaanguka mafungu mafungu, tukapiga chafya bila kutafuta mito.

Kisha tukangoja mvua, na mbingu ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Dume wetu tulikuwa tumemweka karibu na birika anywe mvuke. Aliimba jana mchana kutwa. Leo anaimba akipumzika katikati. Siku zake zinakwenda. Nilisikiliza mifuko kwa faneli: tup, kimya kirefu, tup.

Baba Mdogo alijaribu kuwaita. "Amkeni, wageni. Cha asubuhi kimepita, cha mchana kimepita, mnangoja nini?" Hakuna aliyetikisika.

Hapo nikaelewa sehemu iliyobaki. Benchi. Mtoro hakuamshwa na sauti ya hewani. Sauti ya Baba Mdogo ingetosha kuamsha makaburi. Aliamshwa na kile kilichopita kwenye ubao mpaka kwenye uzi aliojining'inizia. Porini, nadhani, ni radi inayotikisa mti mzima. Kwa Bibi ilikuwa mvua juu ya bati, na bati juu ya boriti.

"Tuzipige boriti," nikasema.

Baba Mdogo alichukua nyundo ya mbao. Mama Mdogo alichukua mchi, ambao haujatwanga tangu tarehe tatu. Mimi nilipewa mpini wa jembe, nikapandishwa juu ya meza. Tukaanza. Wao walipiga. Mimi nilipiga.

Baba Mdogo akasimama. "Profesa, unabisha hodi?"

"Napiga."

"Hivyo ndivyo mtu anavyobisha kwa wakwe. Piga kama wamekuibia kuku."

"Mwache mtoto," akasema Mama Mdogo, "ana elimu."

"Elimu haijavunjika mkono."

Nikapiga. Nikapiga tena, kwa mikono miwili, mtetemo ukanirudia hadi kwenye meno, na kitu kikapanda kutoka tumboni kwangu kikatokea mdomoni. Ilikuwa sauti. Sijui nilisema nini, nadhani sikusema neno. Mama Mdogo alinitazama kwa mshangao, kisha akaongeza yake. Baba Mdogo, mwenye fani, alitupita wote. Vumbi la miaka likatunyeshea. Jirani alikuja akasimama mlangoni, safari hii bila sura ya huzuni, akauliza kama tunabomoa. Mama Mdogo akamkabidhi mwiko.

Mfuko wa kwanza ulitikisika peke yake.

Tukaacha wote pamoja. Ule mfuko ukajipinda, ukapasuka chini, na akatoka mrukaji wa rangi ya kitani, amelowa, mabawa kama karatasi iliyokunjwa mfukoni. Nilipanda ngazi nikatazama vipapasio. Vimegawanyika.

"Dume," nikasema.

"Piga," akasema Mama Mdogo.

Wa pili, dume. Wa tatu, dume. Baba Mdogo akauliza kama hawa wamekuja kucheza mpira. Hakuna aliyecheka. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge, na kutoka kwenye birika tuliacha kusikia wimbo. Tulipiga bila kusemezana.

Wa nne alikuwa yule wa buluu, aliyekula sare ya shule. Alitoka polepole, akaning'inia kwa mguu mmoja, akakunjua mabawa. Nilisubiri vipapasio vikauke kabla ya kufungua mdomo. Vilikuwa laini, vizima, visivyogawanyika, kama nyusi mbili.

"Mama Mdogo."

"Sema."

"Ni bibi arusi."

Alitupa mchi. Nilikuwa nimeshuka ngazi kabla sijajua nashuka, na tulishikana wote wanne, jirani pia na mwiko wake, weupe kwa vumbi. Karibu na birika mtoro alikuwa amelala ubavu. Jike akajirusha, akaanguka, akajirusha tena, akazunguka taa, na mtoro akainua kichwa. Akaimba.

Jioni wingu likaja lenyewe, likiwa limechelewa na halina habari. Mvua ilishuka juu ya bati tupu kwa mshindo ambao sijawahi kuusikia ndani ya nyumba. Waliobaki wakatoka mmoja baada ya mwingine, bila msaada wetu. Majike wengine wawili. Hatukuweza kusikilizana, Mama Mdogo akaniomba chumvi kwa vidole.

21 Aprili

Sauti imenikauka. Nimefurahi.

25 Aprili

Mtoro amekufa asubuhi, amekaa ukingoni mwa birika, mabawa wazi. Wenzake wanaendelea kuimba. Mama Mdogo amemfunga kwenye kipande cha hariri, akasema huyu aliletwa nyumbani kwa kofia, kazi yake kaimaliza, hatumlilii kwa siri.

Saa moja baadaye jike wa buluu akaanza kutaga. Hakwenda ukutani. Alipanda kwenye boriti, kwenye matundu tuliyoyaacha tulipong'oa misumari, akaweka yai moja kwa kila tundu, kwa uangalifu, kana kwamba yalitobolewa kwa kipimo chake. Kokwa mpya ni nyeupe na laini kama lulu. Nadhani zitakuwa nyeusi kabla ya wiki kwisha, na nitaandika ni lini. Majike wawili wakamfuata. Nilijaribu kuhesabu, matundu yakanishinda.

Tulikuwa juu ya ngazi na meza na kiti, sote watatu, shingo zimepinda. Mama Mdogo alipitisha kidole pembeni mwa kokwa bila kuigusa. Kisha akamgeukia mumewe.

"Miaka yote hiyo nimekuziba mdomo," akasema. "Basi leo sema, mume wangu. Sema chochote. Sema mpaka uchoke."

Baba Mdogo akafungua mdomo. Akaufunga. Alitazama boriti, akatazama mke wake, akafuta uso kwa kofia, akafungua mdomo tena, na mimi niliyekuwa nikiikimbia sauti ile msimu mzima nilijikuta nimeinama mbele, naingoja.

"Sasa," akasema mwishowe, polepole kabisa, "nani anapika?"